SIKU YA DAWA SHULENI: UJI KWANZA, VIDONGE BAADAYE

Ukurasa wetu wa afya mwezi huu unakwenda shuleni. Hatuendi kutazama madaftari wala matokeo ya mitihani. Tunakwenda kutazama tumbo, damu na mkojo wa mtoto anayeketi kwenye dawati, kwa maana mtoto mwenye minyoo na njaa hata akifundishwa na mwalimu hodari hupata kidogo tu.

Twazungumza hasa na wazazi wa vijiji vya Mtwara Vijijini na jirani zao: Msimbati, Madimba, Ziwani, Nanguruwe, Kitere, Mahurunga, Kitaya na vinginevyo mpaka kwenye maingilio ya Mto Ruvuma. Yako mambo matatu tunayotaka kila familia iyafahamu. La kwanza, shule ya serikali kijijini ni mlango wa tiba. La pili, mlango huo umewahi kufungwa kwa sababu ya hofu na njaa. La tatu, kuuacha wazi kunategemea wazazi kuliko mtu mwingine yeyote.

SHULE IKO KARIBU KULIKO ZAHANATI

Baada ya Azimio la Musoma la Novemba 1974, taifa liliamua kuharakisha elimu ya msingi kwa wote, na utekelezaji wake ukashika kasi mwaka 1977. Vijiji vingi vilijenga madarasa kwa nguvu za wananchi, wanaume wakifyatua matofali na akina mama wakibeba maji kichwani. Ndiyo maana hata leo viko vijiji visivyo na zahanati ambavyo vina shule, au viko jirani na shule.

Wataalamu wa afya waliliona hilo mapema. Katika miaka ya 1990 mkoani Tanga, mpango uliojulikana kwa jina la UKUMTA ulijaribu jambo lililoonekana geni wakati ule: kuwafundisha walimu wa shule za msingi kuwapa wanafunzi dawa za minyoo na kichocho. Jaribio kama hilo lilifanyika pia katika mkoa wa Volta nchini Ghana. Ilionekana kwamba mwalimu aliyepewa mafunzo mafupi aweza kuifanya kazi hiyo vizuri na kwa gharama ndogo, kuliko kusubiri gari la wauguzi lizunguke kila kijiji. Mwaka 2001 Mkutano Mkuu wa Afya Duniani uliziomba nchi zote zenye maradhi haya ziwafikie angalau asilimia 75 ya watoto wa umri wa shule walio katika hatari. Toka hapo utaratibu wa kutoa dawa shuleni ukaenea.

Hapa kwetu kusini shule imefanya kazi nyingine pia. Mwaka 2013 mikoa ya Lindi, Mtwara na Ruvuma ilikuwa ya kwanza Tanzania Bara kugawiwa vyandarua vyenye dawa kupitia wanafunzi. Mtoto alikabidhiwa chandarua darasani akakipeleka nyumbani. Baadaye mikoa mingine ikafuata mfano huo. (Tukumbushane kwamba chandarua kile ni cha kulalia, si cha kuvulia uduvi.)

Hata kwa matende na mabusha, ugonjwa unaojulikana sana pwani yetu, shule ina nafasi yake. Baada ya wilaya kumeza dawa kwa miaka kadhaa, wataalamu hupima damu ya watoto wa miaka 6 na 7. Hao wamezaliwa karibuni. Wakikutwa na vijidudu, ni dalili kwamba ugonjwa bado unaambukizwa. Kwa hiyo tone la damu la mtoto wa darasa la kwanza laweza kusaidia kuamua kama wilaya nzima iendelee na dawa au ipumzike.

SAFURA: MNYOO UNAOPITIA MIGUUNI

Ardhi ya pwani yetu ni ya kichanga, na chini ya mikorosho na miembe kuna kivuli na unyevu. Hayo ndiyo mazingira yanayopendwa na minyoo ya safura. Mtu mwenye safura akijisaidia chini ya mkorosho, mayai ya minyoo huanguka na kinyesi. Siku moja au mbili baadaye huanguliwa. Baada ya siku 5 hadi 10 viluwiluwi viko tayari, vinangoja mguu usio na kiatu. Hupenya ngozini, husafiri kwa damu mpaka mapafuni, hupanda kooni, humezwa, na mwisho hujishikiza kwenye utumbo na kufyonza damu.

Mnyoo mmoja hunywa damu kidogo sana. Lakini mtoto mwenye minyoo mingi, ambaye tena hula muhogo mtupu bila dagaa, kunde wala mboga za majani, hupoteza damu kila siku kuliko anayoweza kutengeneza. Akiongezewa malaria, damu huisha kabisa. Katika miaka ya 1990 watafiti waliowachunguza wanafunzi wa kisiwa cha Pemba waliona kuwa safura ni miongoni mwa sababu kubwa za upungufu wa damu kwa watoto wale. Pemba si mbali nasi kwa tabia ya nchi na maisha ya watu.

Dalili za kutazama: viganja vyeupe, midomo na ndani ya kope kupauka, kuchoka upesi, moyo kwenda mbio akipanda kilima kidogo, kusinzia darasani, na wakati mwingine kula udongo. Mzazi husema, "Mtoto huyu mvivu." Mwalimu naye huona mtoto mzito wa kuelewa. Kumbe si uvivu wala uzito, ni damu.

KICHOCHO: MAJI BARIDI NDIYO YA KUANGALIWA

Watoto wa pwani huoga baharini tangu wakiwa wadogo, na wazazi huuliza kama bahari huleta kichocho. Jibu ni hapana. Konokono wanaobeba kichocho huishi kwenye maji baridi, yaani yasiyo na chumvi. Hatari iko kwenye mabwawa, malambo, vijito, na mabonde ya mpunga kama ya Kitere na yale ya kando ya Ruvuma kuelekea Mahurunga na Kitaya. Mtoto wa Msimbati anayeogelea baharini hapati kichocho kule. Lakini akienda kumsaidia bibi yake kuamia ndege kwenye mpunga, na mchana wa jua akajitumbukiza bwawani kujipoza, aweza kurudi nacho.

Ugonjwa huanza pale mgonjwa anapokojoa majini. Mayai huanguliwa, vijidudu huingia ndani ya konokono, na baada ya wiki kadhaa hutoka vingine vingi vinavyoogelea vikitafuta ngozi ya mtu. Hutoka kwa wingi kuanzia saa 4 asubuhi hadi alasiri, jua likiwa kali, yaani saa zile zile watoto wanapopenda kuoga. Vikishapenya ngozini hukua na kukaa katika mishipa ya damu karibu na kibofu, na huweza kuishi humo kwa miaka.

Dalili inayojulikana ni kukojoa damu, hasa matone ya mwisho, pamoja na maumivu. Sehemu nyingi za Afrika kukojoa damu kwa mvulana kumechukuliwa kuwa hatua ya kawaida ya kukua. Si kweli. Kichocho kisipotibiwa huharibu kibofu na figo, na baada ya miaka mingi chaweza kuleta saratani ya kibofu.

Hapa twaomba akina mama watusikilize kwa makini. Kichocho huweza kuleta vidonda ukeni kwa msichana, pamoja na maumivu, uchafu na kutokwa damu siku zisizo zake. Wako wasichana waliodhaniwa kuwa na magonjwa ya zinaa, wakasemwa na hata kupigwa, kumbe walichukua ugonjwa kwenye maji ya mpunga waliyotumwa na wazazi wao wenyewe. Binti akikwambia ana maumivu au anaona damu, usianze na fimbo wala maswali ya fedheha. Mpeleke zahanati, mweleze mganga kuwa huchota maji au hufanya kazi bondeni, na aombwe apimwe kichocho. Wahenga walisema, mficha maradhi kifo humuumbua.

KILICHOTOKEA MOROGORO

Ikiwa dawa zipo na hutolewa bure, kwa nini siku ya dawa madawati mengine huwa matupu? Sababu mojawapo ni hofu. Nayo hofu ina historia.

Mwaka 2008 mkoani Morogoro wanafunzi walipewa dawa za kichocho na minyoo shuleni. Baadhi yao walipata kizunguzungu, kutapika na maumivu ya tumbo. Habari zikaenea upesi kuliko maelezo: ilisemwa kwamba watoto wanapewa sumu, na kwamba dawa zitawafanya wasizae. Wazazi walikimbilia shuleni kwa hasira, vurugu zikazuka, na zoezi likasimamishwa.

Ni rahisi kuwacheka wazazi wale, lakini tusiwacheke. Wengi hawakuelezwa mapema ni dawa gani, ya ugonjwa gani, na italeta hali gani mwilini. Mzazi anayesikia kwamba mwanawe ameanguka shuleni baada ya kupewa kidonge asichokijua, atafanya nini kama si kukimbia? Funzo la Morogoro ni kwamba kidonge kisicho na maelezo huzaa uvumi. Basi na tupeane maelezo.

Dawa zenyewe ni mbili. Ya minyoo ya tumbo ni albendazoli, kidonge kimoja kinachotafunwa. Ya kichocho ni prazikwanteli, vidonge vikubwa na vichungu, ambavyo hutolewa kwa kufuata urefu wa mtoto. Mwalimu humsimamisha mtoto kwenye mti wa kupimia wenye alama. Mathalani, mtoto mwenye urefu wa sentimita 130 hupewa vidonge 2. Kwa hiyo usishangae mwanao akimeza 2 na wa jirani akameza 3. Si upendeleo wala kubahatisha.

Baada ya kumeza, mtoto aweza kupata kichefuchefu, tumbo kuuma, kichwa kuuma au kizunguzungu. Aghalabu hali hiyo hupita ndani ya saa chache. Kwa wenye minyoo mingi huwa kubwa zaidi kidogo, maana minyoo inakufa mwilini. Hakuna hata moja kati ya dawa hizi inayozuia uzazi. Bali kichocho chenyewe, kisipotibiwa, ndicho kinachoweza kumsumbua mwanamke katika uzazi.

UJI KWANZA

Jambo linalozidisha kichefuchefu na kizunguzungu ni tumbo tupu. Prazikwanteli yapasa kumezwa baada ya kula. Hapo ndipo tunapokutana na tatizo la shule zetu: watoto wengi hutoka nyumbani alfajiri bila kutia kitu kinywani, wengine wakitembea mwendo mrefu. Kufika saa 4 wako hoi. Ukimpa mtoto huyo vidonge vikali, ataanguka, na uvumi utaanza.

Januari 2016 ada ilifutwa katika shule za msingi na sekondari za serikali mpaka kidato cha nne. Lakini chakula cha wanafunzi wa kutwa hutegemea wazazi na jumuiya ya kijiji, na mwongozo wa kitaifa wa chakula shuleni uliotolewa mwaka 2021 unasisitiza hivyo hivyo. Wako wazazi wanaosema, "Elimu ni bure, kwa nini tuchangie unga?" Jibu ni kwamba kufutwa kwa ada hakukufuta njaa.

Hatudai karamu. Uji wa mahindi, mtama au muhogo, ukitiwa karanga zilizotwangwa, watosha. Mkoa wetu una mbaazi, choroko, njugu mawe na kisamvu. Pwani kuna dagaa. Msimu wa ming'oko, hata ming'oko ya kuchemsha humpa mtoto nguvu ya kuanzia siku. Shule isiyo na uji wa kila siku na ianze na uji wa siku ya dawa. Kila nyumba ikitoa kikombe kimoja cha unga, na akina mama wachache wakijitolea kuni na mikono, sufuria litajaa. Kwa kazi hii ndogo jumuiya yaweza kuwakinga watoto wake na hofu iliyotokea Morogoro.

VIDONGE PEKE YAKE HAVITOSHI

Tusidanganyane kuwa kidonge ni muujiza. Kule Busia, magharibi mwa Kenya, wachumi Edward Miguel na Michael Kremer walifuatilia shule 75 ambako watoto walipewa dawa za minyoo. Katika matokeo waliyochapisha mwaka 2004 walieleza kwamba utoro ulipungua kwa robo. Lakini alama za mitihani hazikuonekana kupanda. Wataalamu wengine wameendelea kubishana nao juu ya ukubwa wa faida hiyo. Kwetu funzo ni wazi: dawa humrudisha mtoto darasani, lakini akifika huko bado anahitaji chakula, mwalimu, kitabu na choo.

Naam, choo. Dawa huua minyoo iliyomo mwilini siku hiyo, haimkingi mtoto na minyoo ya kesho. Akitoka darasani akaenda kujisaidia mikoroshoni kwa sababu choo kimejaa, kazi yote huanza upya. Mwongozo wa serikali unataka shule iwe na tundu 1 la choo kwa wasichana 20, na tundu 1 kwa wavulana 25. Piga hesabu mwenyewe. Shule yenye wanafunzi 400, nusu wasichana na nusu wavulana, yahitaji matundu 10 ya wasichana na 8 ya wavulana, jumla 18. Ukienda kwenye kikao cha wazazi, uliza: shule yetu ina wanafunzi wangapi, na matundu mangapi? Halafu uliza: maji ya kunawa yako wapi? Maswali haya mawili yana maana kuliko malalamiko mengi.

MASWALI YA WAZAZI

Mwanangu haonekani kuumwa. Ameze ya nini?
Minyoo michache haina dalili, lakini mayai yake huambukiza wengine. Tena wengi wenye kichocho hawaoni damu kwa macho. Kumpima kila mtoto ni gharama kubwa kuliko dawa yenyewe, ndiyo maana hupewa wote katika maeneo yenye ugonjwa.

Alimeza mwaka jana. Kwa nini tena?
Kwa sababu aweza kuambukizwa tena, na kwa sababu prazikwanteli haiui vile vijidudu vya kichocho ambavyo bado ni vichanga mwilini.

Nani asipewe siku hiyo?
Mtoto mwenye homa au anayeumwa sana angojee apone. Mwenye kifafa mwalimu aarifiwe kwanza, ili apelekwe kwa mganga. Msichana anayejua au anayedhani ana mimba naye amwone mganga kwanza. Wazazi wasifiche mambo haya kwa aibu.

Asiyesoma je?
Dawa ni ya watoto wote wa umri wa shule, hata asiyeandikishwa. Mlete. Huenda akiiona shule siku hiyo, wewe na yeye mtapata moyo wa kuanza.

Tuko shambani msimu wa korosho. Tufanye nini?
Tangu Oktoba familia nyingi huhamia mashambani, na watoto hukosa masomo na dawa pia. Ulizeni tarehe mapema. Mtoto aliyekosa na apelekwe zahanati aulizie dawa.

MAMBO YA KUFANYA KUANZIA SASA

1. Ulizia kwa mwalimu wa afya siku ya dawa itakuwa lini, na uitangaze kwenye jumuiya ndogo ndogo, kwenye kikundi cha akina mama na kwa jirani wa dini nyingine. Minyoo haichagui dini.

2. Siku hiyo mtoto ale kabla ya kumeza. Hakikisha mwenyewe, usimwachie dada yake mdogo.

3. Mwombe mwalimu mkuu afanye kikao cha maelezo kabla ya siku ya dawa, akiwepo mganga wa zahanati. Wazazi waonyeshwe vidonge na mti wa kupimia. Penye mwanga uvumi haukai.

4. Mtoto akijisikia vibaya baada ya kumeza, apumzishwe kivulini na apewe maji. Asipopata nafuu, apelekwe zahanati bila kuchelewa.

5. Mtoto avae viatu au kandambili, hasa aendapo mashambani na chooni. Awe na kucha fupi, na anawe mikono kwa sabuni kabla ya kula na baada ya kutoka chooni.

6. Asioge wala kukojoa kwenye mabwawa na mabonde. Maji ya bwawa yakichotwa bila konokono, yakafunikwa kwa siku 2, vijidudu vya kichocho huwa vimekufa, nayo yafaa kuogea. Ya kunywa lazima yachemshwe.

7. Kamati ya shule ihesabu matundu ya choo na kuweka lengo la mwaka. Mafundi tunao na nguvu tunazo. Waliojenga madarasa miaka ya 1970 walikuwa maskini kuliko sisi.

Ndugu wazazi, mtoto hachagui mwili wa kwenda nao shuleni. Huenda na ule tulioulisha, kuuvika na kuutibu sisi. Siku dawa zitakapofika kijijini kwako, usimfiche mtoto ndani na usimwache aende na njaa. Mpe uji, mshike mkono, fuatana naye hadi shuleni, umwone akimeza. Mzazi mmoja akisimama pale, wengine kumi hupata moyo.

Kinga ni bora kuliko tiba. Tuwatakie watoto wetu damu ya kutosha na masomo mema.